Picha Isiyo na Jina

Kadi za posta zilizouzwa pwani hii ya Kenya zama za ukoloni zimejaa wanawake wa Kigiriama: hando kiunoni, shanga shingoni, kifua wazi. Chini yao palichapwa kabila tu, kana kwamba ni aina ya ndege. Mama aliye pichani ni nani, mwanawe ni nani, hakuna aliyeandika. Na kwa Wamijikenda, Wagiriama wakiwemo, jina ndilo ukoo. Mnyazi wa Menza alipozaa aliitwa Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Basi aliyeandika kabila akaacha jina alimtenga mama na mwanawe na babake.

Tumtazame Mekatilili mwenyewe. Mwaka 1913 aliwakusanya Wagiriama wenzake kwa ngoma ya kifudu na kwa viapo, wasitoe vijana wao kwa kazi ya Mwingereza wala kodi. Oktoba akakamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Mwaka uliofuata wakatoroka, wakarudi kwao. Hayo tumeyapata kwa masimulizi ya wazee na kwa mafaili ya serikali iliyomwogopa, si kwa picha. Afisa aliandika jina lake kwa kuwa alitaka kumfunga. Mwenye kadi hakuhitaji jina, kwa kuwa alitaka kuuza.

Wako watakaosema picha hizo ndizo ushahidi wa mavazi ya mabibi zetu. Ni kweli, ndiyo maana sisemi zichomwe. Wengine watasema aibu ya kifua wazi ni yetu wa leo. Kweli pia, hando lilikuwa vazi la heshima. Kosa halimo mwilini, limo katika maandishi. Linganisha na picha nyingine: Machi 1979 mjini Tehran, Hengameh Golestan, mwanamke wa Iran, aliwapiga picha maelfu ya wenzake waliojaa barabarani kupinga kulazimishwa hijabu. Picha zile zina siku na sababu, nasi twawaona watu wenye hoja. Ziondolee siku na sababu, zitabaki picha za nywele.

Basi, wenye hoteli na maduka wa Malindi, Watamu na Kilifi, msitundike mama wa mtu ukutani kama pambo kabla ya kuwauliza wazee wa kijiji alikotoka. Nawe msomaji, itoe picha ya nyanyako sandukuni, uigeuze, uandike nyuma yake jina lake, la babake, la mwanawe, na kazi aliyoifanya. Fanya hivyo leo, wanaomjua wangali hai.