Umekata springi za Altezza, halafu unataka kushuka nayo Mbamba Bay?

Washikaji, leo tugombane kidogo. Hapa hosteli kuna ubishi wa wiki nzima: eti Altezza ikishushwa kwa kukata springi "inashika barabara" kuliko ilivyotoka kiwandani. Na wanaosema hivyo ndio hao hao wanaopanga kwenda nayo Ruvuma likizo, Mbinga mpaka ziwani. Mimi nasema huo ni uongo, tena uongo wa kuua mtu.

Kila mtu anasifia injini tu, farasi 210, gia 6. Sawa. Ila gari ile haikuchukua tuzo ya Gari Bora la Mwaka Japani 1998-99 kwa kelele za ekzosi! Kila tairi la mbele limeshikwa na mikono miwili, wa juu mfupi, wa chini mrefu. Gari ikilala konani tairi la nje linapanda, ule mfupi unavuta kichwa cha tairi ndani, kwa hiyo tairi inaendelea kukanyaga lami kwa upana wake. Raha ya usukani inatoka hapo. Halafu kuna kasta, ule mwegamo wa kurudi nyuma kama uma wa baiskeli ya Phoenix. Ndiyo inayorudisha usukani wenyewe ukitoka konani.

Sasa wewe unachukua grainda, unakata mizunguko 2. Kemba (siyo kamba ya mbuzi jamani) inazidi hata barabara ikiwa imenyooka, ndiyo maana tairi zinalika upande wa ndani. Tairodi nayo inaanza safari katika pembe mpya. Isipofuatana na mkono wa chini, kila bonde linageuza tairi kidogo bila wewe kugusa usukani. Na nafasi ya springi kucheza imebaki vidole 2. Ikigonga ule mpira wa mwisho katikati ya kona, uzito unaruka ghafla kwenye tairi moja, mbele inateleza... huna gari tena.

"Lakini nimepiga alaimenti." Wapi? Vijiwe vingi wanazungusha tairodi tu, gari imesimama tuli. Hiyo haisemi tairi itaelekea wapi ikipanda sentimita 4.

Wenye IST msicheke, nyie hata huo mkono wa juu hamna.

Tuje barabarani. Mbinga ipo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ziwa lipo kama 475. Ni lami ya kilomita 66 hivi, kona juu ya kona kwenye milima ya Umatengo. Unashuka na watu wanne na mabegi, unakanyaga breki, pua inazama, vile vidole 2 vimekwisha kabla hujaanza kukata kona. Enzi za vumbi na matope mwendo ulijipunguza wenyewe, lami imeondoa hilo. Na pembeni wapo watoto wa shule, akina mama na ndoo kichwani, pikipiki imebeba gunia la kahawa. Hao hawakukata springi ya mtu.

Anayebisha alete gari na jeki Jumamosi. Tunatoa springi ya mbele, tunapandisha tairi polepole, tunapima inavyogeuka kila sentimita. Tepu ninayo.