Majaji na Mishahara Yetu



Wako wenzetu wasemao kwamba mambo ya majaji ni ya wakubwa wa Nairobi, hayamhusu mtu wa kazi. Sisi twasema yamhusu sana, na ushahidi umo katika karatasi yake ya mshahara.

Mwaka 2023 Serikali ilipeleka Bungeni sheria ya fedha, na ndani yake kila mwenye mshahara akatwe kwa ajili ya nyumba; makato yakapitishwa kuwa asilimia moja na nusu. Apataye shilingi 30,000 alitoa 450 kila mwezi. Bunge likapitisha, Rais akatia sahihi. Hao wawili wakiisha kupatana, mtu atamlilia nani? Watu wakaenda Mahakama Kuu, na tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wakaamua ya kwamba makato yale si halali: hayakuwa na msingi wa kutosha katika sheria, tena yaliwabagua wenye mishahara kwa kuwaacha wengine bila sababu. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa makato yaendelee huku rufaa ikingojewa.

Lakini yalirudi! Ndiyo, yalirudi. Machi 2024 Bunge lilitunga sheria mpya, na asilimia ni ile ile. Basi kesi ilikuwa ya bure? Hatukubali. Serikali ililazimika kurudi Bungeni kutunga sheria kamili, na kuwatia ndani hata wasio na mshahara wa mwezi. Kupanga kodi si kazi ya jaji, ni ya wabunge, na ni sisi tuliowapigia kura. Malalamiko juu ya asilimia yenyewe tuyapeleke kwao. Kazi ya jaji ni kusema, Hapa mmevuka mpaka. Sisi wa reli hatushangai. Dreva ndiye mwenye injini, lakini haondoki stesheni bila ruhusa, na pengine anayempa ruhusa hajui hata kuiwasha.

Na jaji atasemaje hivyo ikiwa aweza kufukuzwa kesho? Mwaka 1988, wakati wa chama kimoja, Bunge lilibadili Katiba likawaondolea majaji ulinzi wa kazi yao, wakawa kama vibarua mbele ya Rais. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990. Katiba ya 2010 imeukaza: mshahara wa jaji haupunguzwi, wala haondolewi ila shauri lake lipite kwanza katika Tume ya Huduma za Mahakama, kisha lichunguzwe na jopo. Je, si hayo tunayodai sisi kwa waajiri wetu kila mwaka?

Kwa hiyo hatukupendezwa mapema mwaka 2024, Rais alipowashutumu majaji hadharani kwamba wanazuia kazi za Serikali, na baadhi ya wenzetu wakapiga makofi. Ikiwa jaji amekula rushwa, na ashtakiwe mbele ya Tume kwa jina lake na kwa ushahidi, kama tunavyotaka mfanyakazi asomewe kosa lake kabla ya kuachishwa kazi. Twaomba kila tawi lilizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao.