Tusimsingizie Mungu

Liko neno moja lisemwalo sana hapa Goma kila nchi inapotetemeka, nalo ni hili: "Ni mapenzi ya Mungu." Akina mama sokoni walisema, vijana wa chukudu walisema, hata wakubwa wenye magari yao wanalisema. Neno hili ni takatifu katika kinywa cha mtu aliyekwisha kufanya yote awezayo. Katika kinywa cha mtu aliyekaa bure, ni masingizio.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu iligeuka nyekundu juu ya mlima Nyiragongo. Moto ukashuka mpaka Buhene, ukasimama karibu na kiwanja cha ndege. Asubuhi tulimshukuru Mungu kwa kuwa mji umepona. Kumbe mateso ndiyo kwanza yanaanza! Nchi ilitetemeka usiku na mchana, siku kwa siku. Barabara zilipasuka, kuta zikafanya nyufa, nasi tukaogopa kulala ndani ya nyumba zetu. Alfajiri ya tarehe 27 Mei likatoka agizo: mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe mara moja, maana wataalamu waliona kwamba mawe yaliyoyeyuka yamepenya chini ya mji wenyewe na chini ya ziwa Kivu. Watu wapatao 400,000 walitoka. Godoro kichwani, mtoto mgongoni, walikwenda Sake, Minova, Rutshuru, wengine Bukavu, wengine Rwanda.

Hapo ndipo wengine walipoanza kupaza sauti njiani: "Goma imeadhibiwa kwa dhambi zake!" Je, ni kweli? Bwana wetu alikwisha kulijibu neno hilo. Someni Injili ya Luka, sura ya 13. Watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu wakafa. Yesu aliwauliza wasikilizaji wake kama hao 18 walikuwa wakosefu kuliko watu wote wa Yerusalemu. Yeye mwenyewe akajibu kuwa sivyo, kisha akawaonya wale waliobaki hai wageuze mioyo yao. Angalieni vema: maiti hawakulaumiwa, walioonywa ni wazima. Nasi ndio wazima. Basi tugeuze nini?

Tuanze na hesabu. Wafu wa kwanza waliotangazwa mwaka ule walikuwa 15. Kati yao 9 walikufa katika ajali ya gari wakati wa kukimbia. Wengine 4 walikufa walipojaribu kutoroka gereza la Munzenze. Waliochomwa na moto wa mlima walikuwa 2 tu. Baadaye hesabu ilipanda ikapita 30, lakini funzo ni lile lile: fujo yetu iliua upesi kuliko mlima. Tena watoto zaidi ya 150 walipotezana na wazazi wao katika msukumano ule. Je, Mungu ndiye aliyeuachia mkono wa mtoto? La, hasha!

Tena si mara ya kwanza. Mlima ulipasuka tarehe 10 Januari 1977. Ulipasuka tena tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji, ukaliangusha kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu, ukaingia ziwani. Siku nne baadaye kituo cha petroli kililipuka, kikawaua watu waliokwenda kuchota mafuta yaliyobaki. Hao hawakuuawa na mlima, waliuawa na njaa yao. Mwenye njaa hawezi kuambiwa "ngoja mawe yapoe" bila kupewa chakula.

Hapa mtu atatupinga. Atasema: "Mwaka 2021 hata wataalamu hawakupata dalili za kutosha. Mlima ulipasuka ghafula. Mngefanya nini?" Ni kweli, ndugu. Wataalamu wenyewe wameandika kwamba dalili zilionekana muda mfupi sana kabla ya moto kutoka. Lakini neno hilo halitupi ruhusa ya kulala, bali latuondolea udhuru. Mwizi apigaye hodi unaweza kumngoja kitandani. Asiyepiga hodi hufungiwa mlango mapema. Kwa kuwa mlima hautupi nafasi, njia ya kukimbilia ijulikane leo. Tena ile nyumba ya kuuchunguza mlima, iliyowekwa hapa Goma mwaka 1986, haifai kutegemea sadaka ya wageni. Msaada mkubwa kutoka nje ulipokwisha mwaka 2020, kazi yake ilidhoofika. Mji wa watu zaidi ya milioni moja unamwachaje mlinzi wake bila posho?

Wenye mamlaka wana deni, nasi twalidai wazi. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulitwaliwa na M23. Kabla yao walikuwako wengine. Mlima hauulizi nani anatawala. Kila ashikaye funguo za mji ashike na deni hili.

Lakini tusiwatupie wakubwa mzigo wote. Siku zile za Mei wako kati yetu waliopandisha nauli maradufu kwa kuona wenzao wanakimbia. Wako waliotangaza habari za uongo, watu wakakanyagana. Na wako pia maskini wa Sake waliogawa kibanda kimoja kwa jamaa tatu. Hao hawakuhubiri juu ya mapenzi ya Mungu, waliyatenda.

Basi twasema hivi. Kila jumuiya ya kikristo ya mtaa ijue nani ni mzee, nani ni mgonjwa, nani ni mjamzito, na nani atawachukua. Kila mtoto afundishwe jina la baba yake na mama yake, mtaa wake, na mahali pa kukutania. Asijenge mtu juu ya ufa akiufunika kwa saruji ili apate kodi. Asilale mtu bondeni penye mazuku, ile hewa mbaya iuayo bila harufu. Akiba ya maji ikae nyumbani, maana mwaka 2021 moto uliharibu hodhi na mabomba, na watu wapatao nusu milioni wakakosa maji.

Hayo yote hayahitaji fedha nyingi, ila kupendana na kupanga. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa Goma tumekwisha kuujenga ukuta mara tatu. Tukiisha kuziba ufa uliomo katika uwezo wetu, ndipo tupige magoti tuseme kwa kinywa safi: Mapenzi yako yatimizwe.