Hesabu ya ndoo
Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 50, uniti imefika shilingi 2,500, na mnunuzi bado anajitwisha mwenyewe hadi nyumbani. Hesabu hiyo iwe mezani kila bei zinapopangwa upya. Dodoma mjini, mamlaka ya maji, DUWASA, ikitaka kubadili bei hupeleka maombi kwa mdhibiti, EWURA, na wananchi huitwa kutoa maoni. Huku Mlali, vijijini Kongwa, tuko upande wa wakala wa maji vijijini, RUWASA, iliyoanza mwaka 2019, na vyombo vya maji vya jamii, ambavyo lazima vilipe nishati ya pampu, fundi na vipuri. Sipingi kulipia, Sera ya Maji ya 2002 ilishalimaliza hilo, na pampu haiendeshwi kwa hotuba. Ninachokataa ni anayechota kwa ndoo kulipa zaidi ya mwenye bomba uani. Mkutano wa kijiji ukiitishwa kupanga bei, nendeni, na mdai kusomewa mapato na matumizi kabla ya kunyoosha mkono.