Bakteria wa Matopeni na Maabara Zisizomtafuta

Mwaka 1999 maabara ya Hospitali ya Mahosot, jijini Vientiane, ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa melioidosisi nchini Laos. Kabla ya hapo nchi hiyo ilihesabika kuwa haina ugonjwa huo, ilhali ng'ambo ya mto Mekong, kaskazini-mashariki mwa Thailand, wakulima walikuwa wakifa nao kila msimu wa mvua. Leo wagonjwa waliothibitishwa Laos wamepita elfu moja. Hakukuwa na mlipuko wowote. Bakteria alikuwa matopeni miaka yote. Walioongezeka ni watu wanaojua kuotesha damu na usaha, tena wanaojua wanachokitafuta.

Afrika Mashariki iko pale Laos ilipokuwa kabla ya 1999. Hilo linatisha kuliko bakteria mwenyewe.

Jina lake ni Burkholderia pseudomallei. Mwaka 1911 Alfred Whitmore na msaidizi wake C. S. Krishnaswami walimkuta Rangoon, Burma, kwenye maiti za watu wa hali ya chini, wengi wao waraibu wa mofini. Hukaa kwenye udongo na maji ya nchi za joto, yakiwemo majaruba ya mpunga, na humwingia mtu kupitia mchubuko wa mguu, maji yasiyochemshwa, au hewa wakati wa dhoruba. Mwenye afya njema mara nyingi haugui. Anayelengwa zaidi ni mwenye kisukari, ambaye hatari yake ni kama mara kumi na mbili ya mtu asiye nacho. Thailand wataalamu wamehimiza mabuti ya mpira. Wakulima wanajibu kwamba yana joto na yananasa kwenye tope. Anayewalaumu ajaribu kwanza kupandikiza mpunga siku nzima akiwa ameyavaa.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kujificha nyuma ya majina mengine. Unaweza kuja kama nimonia, kama jipu la ini, kama uvimbe wa shavu la mtoto, au kama kikohozi cha miezi kinachokondesha hadi mgonjwa aanzishiwe dawa za kifua kikuu ingawa makohozi hayaonyeshi kitu. Mwingine huletwa na homa kali, shinikizo la damu limeporomoka, na siku ya pili hayupo. Katika muda huo mfupi ameshachomwa sindano za ampisilini na jentamisini, ambazo kwa kawaida hazimgusi bakteria huyu. Seftriaksoni, kimbilio la wodi zetu nyingi, nayo ni dhaifu kwake. Inayofaa ni seftazidimu au meropenemu ya mshipa kwa siku 10 hadi 14 angalau, kisha vidonge vya kotrimoksazoli, septrini ile ile ya zahanati, kwa miezi mitatu au zaidi.

Dawa sahihi huleta tofauti kubwa. Utafiti wa Ubon Ratchathani, Thailand, uliochapishwa 1989, ulionyesha seftazidimu ikishusha vifo kutoka asilimia 74 hadi 37. Darwin, kaskazini mwa Australia, ambako wagonjwa wamefuatiliwa mfululizo tangu mwaka huo huo, vifo vimeshuka kutoka asilimia 31 hadi 6 ndani ya miaka thelathini.

Hata sampuli ikifika maabara, mtego upo. Siku ya kwanza bakteria huyu huota kama vidoa vidogo, laini, visivyo na lolote la kuvutia jicho. Mtaalamu aliyechoka atasema sahani imeingia uchafu, aitupe. Akivumilia siku tatu au nne, hasa akitumia chakula cha bakteria kiitwacho Ashdown, vidoa vitageuka zambarau, vikauke na kukunjamana kama ua lililonyauka. Kuna pia kipimo cha vidonge vitatu vya karatasi vilivyotiwa dawa. Kwenye jentamisini na kolistini bakteria huota mpaka ukingoni. Ko-amoksiklavu huacha duara tupu. Akiona hivyo, na kipimo cha oksidesi kikawa chanya, mtaalamu wa maabara hahitaji mashine ya mamilioni ndipo ampigie simu daktari wa wodi.

Ila maabara zenyewe ziko wapi? Uchunguzi wa nchi 14 za Afrika, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, uliotangazwa 2022, ulikuta kwamba kati ya maabara karibu 50,000, zinazofanya vipimo vya bakteria ni asilimia 1.3 tu.

Wanaosema huu ni ugonjwa wa Asia wana nusu ya hoja. Makadirio yaliyochapishwa 2016 katika jarida la Nature Microbiology, ya wagonjwa 165,000 na vifo 89,000 duniani kila mwaka, yalipigwa kwa hesabu za mvua, udongo na mazingira, si kwa kuhesabu vitanda vya hospitali. Huenda kwa Afrika yamezidi. Lakini dalili zipo: mtalii aliyerudi Denmark kutoka Kenya, aliyeripotiwa 1982, mtoto wa Malawi mwaka 2011, wagonjwa wa Gaboni na Madagaska. Mdenmark alitambuliwa akiwa kwao. Malawi na Gaboni, waliomnasa bakteria ni vituo vya utafiti vinavyootesha damu kama kazi ya kila siku. Katikati ya vituo hivyo pana maelfu ya kilomita ambako hakuna aliyeangalia.

Linganisha na kunakoangaliwa: Marekani, mwaka 2021, watu wanne waliugua melioidosisi katika majimbo manne tofauti, na wawili wakafa. Hakuna aliyekuwa ametoka nje ya nchi. Wachunguzi walilinganisha vinasaba vya bakteria, wakaona chanzo ni kimoja, wakafuata nyayo hadi kwenye chupa ya manukato ya kupuliza chumbani iliyotengenezwa India. Wagonjwa wanne tu, kati ya watu zaidi ya milioni mia tatu!

Kwetu si lazima kuanza na mradi wa taifa zima. Hospitali chache zinazohudumia wakulima wa mpunga wa Kilombero, Mbarali, Mwea na Ahero zipewe chupa za kuoteshea damu, mtu wa kuzisimamia, na vile vidonge vitatu vya karatasi, kwa misimu miwili ya mvua. Bakteria huyu asipopatikana, fedha hazitakuwa zimepotea: chupa hizo hizo zitafichua taifodi sugu na bakteria wengine wanaoua watoto wachanga bila kutajwa kwa jina. Akipatikana, mganga mkuu wa wilaya ataiombea seftazidimu nafasi kwenye bajeti ya dawa ya mwaka unaofuata, na wizara haitaweza kumjibu kwamba ugonjwa huo haupo nchini.