Nafuu ya mkopo wa nyumba: Je, mjenzi wa Migori na Homa Bay ataifikia?

KWA miaka mingi sheria ya ushuru nchini Kenya ilimtambua mtu anayenunua nyumba na mtu anayeikarabati. Yule anayeijenga mwenyewe kuanzia msingi hakutajwa.

Upungufu huo haukuwasumbua sana wakazi wa Nairobi, ambako mfanyakazi mwenye mkopo huoneshwa nyumba iliyokwisha kupakwa rangi na kukabidhiwa ufunguo. Katika kaunti za Migori na Homa Bay mambo ni tofauti. Mwalimu wa Awendo, muuguzi wa Ndhiwa au karani wa kaunti mjini Rongo hanunui nyumba iliyo tayari, kwa kuwa nyumba za aina hiyo ni chache mno. Hununua kipande cha ardhi, au huoneshwa sehemu yake na babaye, kisha akaanza kukusanya mchanga, matofali na mabati mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana neno moja lililoongezwa na Sheria ya Fedha ya 2025, iliyoanza kutekelezwa Julai 1 mwaka huo, lina uzito kwa wakazi wa eneo hili kuliko hotuba nyingi kuhusu makao. Neno hilo ni ujenzi. Kuanzia tarehe hiyo, riba ya mkopo uliotumika kujenga makao ya mwenye mkopo inaweza kuondolewa katika mapato yake kabla hayajatozwa ushuru, kama ilivyokuwa tayari kwa ununuzi na ukarabati.

Kiwango cha juu ni Sh360,000 kwa mwaka, yaani Sh30,000 kwa mwezi. Awali kilikuwa Sh150,000 kwa mwaka. Kikapandishwa hadi Sh300,000 kuanzia Januari 2017, kisha kikafika kilipo sasa kupitia marekebisho ya sheria za ushuru yaliyoanza kutumika Desemba 27, 2024. Marekebisho hayo yalipitishwa miezi michache baada ya Mswada wa Fedha wa 2024 kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana, na katika kelele za wakati ule wengi hawakuiona nafuu hii ndogo iliyokuwa ndani yake.

Kosa linalosikika mara kwa mara ni kudhani kwamba Sh360,000 ni fedha anazorudishiwa mkopaji. Sivyo. Kiasi hicho huondolewa kwenye mapato, si kwenye ushuru wenyewe. Anachookoa mtu hutegemea kiwango cha ushuru anachotozwa.

Chukua mfano wa mwalimu wa sekondari anayepata mshahara wa Sh60,000 kwa mwezi, aliyekopa Sh1.5 milioni kwa riba ya asilimia 14 ili azilipe kwa miaka 15. Atalipa takriban Sh20,000 kila mwezi. Katika mwaka wa kwanza, karibu Sh208,000 kati ya fedha hizo zitakuwa riba tupu. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wake inatozwa asilimia 30, ataokoa takriban Sh62,000 mwaka huo, au zaidi kidogo ya Sh5,000 kwa mwezi. Hiyo ni robo ya malipo yake ya kila mwezi. Lakini kadiri deni linavyopungua ndivyo riba inavyopungua, na nafuu pamoja nayo; katika mwaka wa 15 atakuwa akiokoa Sh5,000 hivi kwa mwaka mzima.

Sasa mtazame mfanyakazi wa Sh30,000. Baada ya makato ya uzeeni, ya bima ya afya na ya nyumba, na baada ya kupewa nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400, ushuru wake wa mwezi haufiki Sh750. Hata akikopa vipi, hawezi kuokoa zaidi ya ushuru anaolipa. Kwa upande wa pili, mkurugenzi anayepata zaidi ya Sh800,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 35 katika sehemu ya juu ya mapato yake, hivyo riba ya Sh30,000 humwokolea Sh10,500. Nafuu hii, kwa umbo lake, humpa zaidi aliye nacho. Haihitaji uchambuzi mrefu kuona ilibuniwa na watu wa tabaka gani, kwa ajili ya watu wa tabaka gani.

Mvuvi wa Mbita, mchuuzi wa Oyugis na mnunuzi wa dhahabu kule Macalder wamo nje kabisa iwapo wanalipa ushuru wa mauzo. Ushuru huo wa asilimia 3 hutozwa wafanyabiashara wenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, na hukokotolewa juu ya mauzo yote bila kuondoa gharama yoyote. Palipo na mauzo pekee, riba ya nyumba haina mahali pa kuondolewa.

Wanaobaki ni wale wenye hati ya mshahara: walimu, wahudumu wa afya, polisi, wafanyakazi wa kaunti, wa kiwanda cha sukari cha Sony, na wa vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya. Hao ndio wanaopaswa kujiuliza iwapo mkopo wao unatambuliwa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawajalizingatia. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato kinazungumzia fedha zilizokopwa kutoka kwa taasisi inayotambuliwa na zikatumika kwa makao ya mkopaji. Kinatazama matumizi ya fedha. Mtu akisoma maneno hayo bila haraka, haoni sharti kwamba ni lazima nyumba yenyewe iwe dhamana. Tofauti hiyo ni kubwa sana katika eneo ambako mikopo mingi ya kujengea hutolewa kwa kukata mshahara na kwa wadhamini, bila hatimiliki kuwekwa rehani.

Taasisi hizo awali zilikuwa benki, kampuni za bima, mashirika ya ujenzi wa nyumba na Shirika la Kitaifa la Nyumba. Vyama vya ushirika vilivyosajiliwa viliongezwa kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Kwa Migori na Homa Bay, ambako chama cha akiba na mikopo ndicho benki ya mwalimu, hatua hiyo ilikuwa na maana kubwa.

Lakini soma barua ya mkopo wa Sacco. Mara nyingi imeandikwa “mkopo wa maendeleo.” Maendeleo hayo yaweza kuwa nyumba, karo, ng’ombe wa maziwa au pikipiki. Afisa wa Mamlaka ya Ushuru, KRA, anayeombwa kukubali kwamba riba ya mkopo huo ni ya nyumba, ana haki ya kuuliza ushahidi. Ushahidi wenyewe ni barua inayotaja ujenzi, ramani iliyoidhinishwa, stakabadhi za saruji na mabati, na cheti cha mkopeshaji kinachotenganisha riba na deni la msingi. Ni nadra mtu anayejenga kidogo kidogo kuwa na karatasi hizo zote. Fundi hulipwa kwa simu, na mchanga hununuliwa kwa dereva wa lori asiye na risiti. Asiyeanza kuzihifadhi siku anayochukua mkopo hatazipata siku ya kujaza taarifa ya ushuru.

Sharti jingine ni la makazi. Sheria humtaka mkopaji awe akiishi katika nyumba hiyo, na akiishi humo kwa sehemu tu ya mwaka, punguzo nalo hupunguzwa kwa kadiri hiyo. Anayehamia Oktoba, kwa mfano, huhesabiwa miezi mitatu, na kikomo chake huwa Sh90,000. Tena hakuna anayeruhusiwa kudai kwa zaidi ya nyumba moja.

Sharti hilo huonekana jepesi hadi mtu akumbuke maisha ya mtumishi wa umma wa Nyanza Kusini. Tume ya Huduma za Walimu ilipoanza kuhamisha walimu mbali na kaunti zao mwaka wa 2018, wengi walijikuta wakilipa kodi ya chumba ugenini huku nyumba zao zikibaki na wake, waume au wazazi. Sera hiyo ilisitishwa baadaye, lakini uhamisho ni sehemu ya kazi hiyo. Polisi na wauguzi nao huhamishwa. Je, mtu anayelala Nakuru siku tano na kurudi Ndhiwa mwisho wa mwezi huishi wapi?

Jamii ina jibu lake. Kwa Waluo, mahali mtu anapolala kwa ajili ya kazi si dala. Kijana huanza na simba katika boma la babaye, kisha siku moja huondoka kwa taratibu zinazojulikana na kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe. Nyumba ya mjini, hata iwe ya ghorofa, haichukui nafasi hiyo. Tofauti kati ya nyumba na nyumbani ilibishaniwa mahakamani hadharani mwaka wa 1987 katika kesi kuhusu mahali pa kumzika wakili S.M. Otieno, na hatimaye mahakama iliridhia azikwe Nyalgunga, Siaya. Sheria ya ushuru haina nyumbani. Ina makazi tu, na huyapima kwa mwaka wa mapato.

Kuna pia suala la ardhi yenyewe. Atakayetaka mkopo wa benki wenye riba nafuu ataulizwa hatimiliki, na mara nyingi hati hiyo ingali kwa jina la babu aliyefariki zamani. Kuibadilisha kunahitaji kesi ya urithi, mpimaji, na idhini ya bodi ya kusimamia ardhi. Hata hati ikiwapo, mwenzi wa ndoa lazima aridhie makao ya familia kuwekwa rehani. Na benki inajua kwamba boma lenye makaburi ya wazee si mali itakayopata mnunuzi kwa urahisi siku ya mnada. Hali si tofauti sana miongoni mwa Wakuria upande wa Kehancha, ambako nako ardhi ni ya ukoo kabla ya kuwa ya mtu.

Kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba, KMRC, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka wa 2020, ilianzishwa ili kuzipatia benki na Sacco fedha za muda mrefu kwa bei nafuu. Hata hivyo, kufikia mwisho wa 2023 Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 pekee katika benki. Nafuu ya ushuru inayotegemea mkopo wa aina hiyo haiwezi kuwafikia wengi, hata kikomo chake kikipandishwa mara kumi.

Ada zinazolipwa mwanzoni zinastahili kutazamwa pia. Nchini Marekani, mnunuzi wa nyumba anaweza kulipa mapema kile kinachoitwa pointi, kila moja ikiwa asilimia 1 ya mkopo, ili apunguziwe riba. Sheria ya huko huzichukulia pointi kuwa riba iliyolipwa kabla ya wakati, na anayetimiza masharti huziondoa katika mapato ya mwaka uleule aliponunua makao yake. Mkenya naye hutozwa ada ya kuandaliwa mkopo, lakini wengi huihesabu kuwa hasara.

Huenda si hasara yote. Kifungu cha 2 cha sheria ya Kenya, kinapoeleza maana ya riba, hujumuisha pia ada ya kuahidiwa mkopo na ada ya huduma inayolipwa kwa ajili ya mkopo. Kwa usomaji huo, ada ya asilimia 1 katika mkopo wa Sh1.5 milioni, yaani Sh15,000, ina hoja ya kuhesabiwa pamoja na riba mradi kikomo hakijapitwa. Kwa mwalimu wetu hiyo ni Sh4,500 za ushuru. Tatizo ni kwamba cheti cha mkopeshaji kwa kawaida hutaja riba pekee, na mkopaji asiyeomba ada hiyo iandikwe hatakuwa na cha kuonesha. Ada ya wakili, ya mthamini na ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani, havimo katika maana hiyo.

Mfanyakazi huyohuyo, awe amekopa au hajakopa, hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Makato hayo yalianza Julai 2023, yakatangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba Novemba mwaka huo, kisha yakarejeshwa kwa sheria mpya iliyotiwa saini Machi 19, 2024. Kwa mshahara wa Sh60,000 ni Sh900 kila mwezi, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Tangu Desemba 2024 makato hayo huondolewa katika mapato kabla ya ushuru, jambo linalomrudishia mwalimu huyo Sh270. Nyumba zinazojengwa kwa fedha hizo zitakuwa mijini, nyingi zikiwa za ghorofa. Anayejenga kijijini huchangia nyumba ya mwingine, huku akisubiri kuona kama yake itatambuliwa.

Anayetaka kudai ana njia mbili. Anaweza kumpelekea mwajiri barua ya mkopeshaji ili punguzo lifanywe kila mwezi, au adai mwenyewe katika taarifa ya ushuru anayoijaza kwa mtandao wa iTax kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata, akitaja nambari ya ushuru ya mkopeshaji, kiasi alichokopa na riba aliyolipa. Aliyekopa kununua au kukarabati nyumba na hakuwahi kudai anaweza kurekebisha taarifa zake za nyuma ndani ya miaka mitano. Kwa aliyejenga, hesabu inaanzia Julai 2025, na katika taarifa ya mwaka huo ana miezi sita tu ya kudai.