Nyumba Bora: Maji Yalifika Wapi?



Mwezi huu tunajibu barua moja. Imetoka bonde la mto Rufiji, mkoa wa Pwani. Aliyeiandika ni mkulima. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo. Mwezi wa Aprili 2024 maji yaliingia ndani usiku. Kuta zikalainika, zikaanguka. Yeye, mke wake na watoto walitoka kwa mtumbwi wa jirani. Sasa amenunua mabati 20. Anauliza: "Je, nijenge pale pale? Mashamba yangu yako pale."

Jibu letu ni hili: Ndugu, usijenge pale pale. Lakini haifai kusema hivyo tu na kunyamaza. Mtu hawezi kuacha shamba lake kwa sababu ya neno moja la gazeti. Basi tusaidiane kufikiri.

Mto Rufiji hufurika. Haukuanza mwaka 2024. Wazee wanakumbuka mafuriko makubwa ya mwaka 1968. Baada ya mafuriko hayo, Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda sehemu za juu. Wengi walilalamika. Mashamba yalikuwa mbali, na wanyama walikula mazao kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuyalinda. Wengine walirudi bondeni. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Udongo wa bondeni ni mzuri kwa sababu maji huuletea rutuba. Maji yakipungua, watu hulima mlau katika unyevu uliobaki. Kwa hiyo mafuriko yale yale yanayobomoa nyumba ndiyo yanayolisha shamba.

Wazee wa Rufiji walilijua jambo hili. Ndiyo maana walijenga dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Mkulima alikaa juu, akalinda mpunga wake, na maji yalipita chini. Tunamshauri mwandishi wa barua afanye kama wazee: nyumba ya familia ijengwe mahali pa juu, na shambani awe na dungu la msimu wa kazi. Mabati yale 20 yaende kwenye nyumba ya juu. Dungu linatosha kwa makuti au nyasi.

Wako wanaosema, "Sasa kuna bwawa la Julius Nyerere. Mafuriko yamekwisha." Ndugu, usidanganyike. Bwawa hupunguza mafuriko, lakini haliyafuti. Likijaa, maji lazima yafunguliwe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024, mvua za El Nino zilipozidi. Tena mvua inayonyesha chini ya bwawa haipiti bwawani.

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Nyumba ni kitu cha kudumu. Mita 60 ni ngapi? Chukua kamba ya mita 10. Ipime mara sita kutoka ukingoni kwenda nchi kavu. Hapo ndipo katazo linapokoma.

Lakini mita 60 ni kiasi cha chini kabisa. Katika bonde tambarare kama la Rufiji, maji hutembea mbali sana kupita mita 60. Mtu anaweza kutii sheria hiyo na bado akalala majini. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza "mto uko mbali kiasi gani?" uliza pia "maji yalifika wapi?"

Tafuta alama. Tazama mwembe wa zamani, ukuta wa shule au wa msikiti. Tope la mwaka 2024 huenda bado limeacha mstari. Waulize waliokuwapo, wala usimwulize mmoja tu. Mwulize pia anayekuuzia kiwanja, lakini jibu lake lipime kwa majibu ya wengine! Ukiipata alama, mwite fundi mwenye mpira mwembamba wa maji, ule wanaotumia kusawazisha msingi. Mpira ule hauna uongo. Maji ya ncha moja hulingana na maji ya ncha nyingine. Kwa kuusogeza hatua kwa hatua, fundi ataihamisha alama kutoka kwenye mwembe hadi kwenye kiwanja chako. Piga kigingi. Uiandike alama ile juu yake.

Ikiwa alama inafika juu ya kichwa chako, tafuta kiwanja kingine. Ikiwa inafika magotini na huna kiwanja kingine, inua sakafu. Tunashauri sakafu iwe juu ya alama kwa nusu mita. Msingi uwe wa mawe na saruji. Usiweke ukuta wa udongo moja kwa moja juu ya ardhi, maana ukuta huanza kuoza chini, kisha wote hufuata. Nguzo zichimbiwe chini sana, zisisimame juu juu.

Weka milango miwili inayoelekeana, wa mbele na wa uani. Nyumba nyingi za pwani zimejengwa hivyo tangu zamani, ukumbi ukipita katikati. Maji yakija, fungua yote miwili. Maji yakiingia huku na kutoka kule, hayausukumi ukuta upande mmoja. Ukifunga milango, ukuta hubeba uzito wote wa maji.

Choo nacho kina matata. Bondeni ukichimba kidogo unakuta maji. Usichimbe shimo refu hapo. Jenga choo cha kuinuliwa, na kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini. Mafuriko yakiisha, ugonjwa mwingi hutoka chooni kwenda kisimani.

Mto Rufiji unaingia baharini katika delta, na huko wasomaji wetu wana maji ya namna mbili, ya mto na ya bahari. Ninyi wa delta, Mafia na Kilwa, mnajua yaliyotokea mwezi wa Mei 2024. Mafuriko ya mto hayajasahauliwa, kimbunga Hidaya kikafika. Mvua ilikata barabara kuu ya kusini huko Somanga. Lindi nako wazee wanasimulia kimbunga cha Aprili 1952.

Kwenu ninyi, pimeni mita 60 kutoka mahali maji ya bamvua yanapofika. Msipime wakati wa maji kupwa! Katika pwani yetu, bamvua hupanda zaidi ya mita 3 juu ya maji kupwa. Wavuvi watasema, "Sisi kazi yetu ni pwani." Ni kweli. Nyavu na ngalawa zina haki ya kukaa karibu na maji, lakini watoto wasilale huko. Mwulizeni ofisa mazingira wa wilaya ni banda la namna gani linaruhusiwa.

Msikate mikoko bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Tunajua boriti za mikoko ni imara na hazipatikani kirahisi kwingine. Lakini mkoko uliosimama huvunja wimbi kabla halijafika nyumbani. Mchanga wa ufukweni nao uacheni. Chumvi yake hula nondo ndani ya zege, na ufuko uliochimbwa huliwa na bahari.

Ndugu yetu wa Rufiji, turudi kwako. Kiwanja cha juu utakipata wapi? Nenda kwa halmashauri ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri hugawa ardhi kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Omba kwa maandishi. Sasa unajua kusoma na kuandika, basi andika barua mbili zinazofanana, moja ubaki nayo. Taja kwamba nyumba yako ilianguka mwaka 2024. Ukionyeshwa kiwanja, usikubali siku hiyo hiyo. Nenda kwanza na fundi na mpira wake. Fanya hivyo kabla ya masika ya Machi, maana msingi haumwagwi kwenye mvua.

Ukishakipata, tuandikie tena utueleze. Mwezi ujao tutaeleza namna ya kufunga paa la mabati lisichukuliwe na upepo.